Aliyerudisha Samaki wa Dobi

Benchi letu liko mbele ya kinyozi, na kinyozi ni mimi, kwa hiyo kila upuuzi unaosemwa pale huwa unaanza kupita masikioni mwangu. Birika la kahawa linakaa juu ya jiko dogo pembeni ya mlango, vikombe havina vishikio, na anayetaka sukari aje nayo. Wazoefu hatuzidi vidole vya mkono mmoja. Yuko Redio, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali lolote, hata lile ambalo hajaulizwa. Yuko Fundi Bomba, mtu wa mabomba ya maji, mikono yake inanuka chuma hata akiwa kwenye harusi. Yuko Shangazi, fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale ila wote tunamwogopa kama shangazi wa kweli. Na yuko Dobi. Benchi hili lina sheria moja kubwa: ukimfanyia mwenzako wema, hujitaji. Fundi Bomba alipoibiwa mfuko wa spana, asubuhi alikuta mwingine mlangoni, na mpaka leo hajui wa kumshukuru. Ukilazimika kuapa kwamba jambo fulani hukulifanya wewe, unafudikiza kikombe chako juu ya benchi, mdomo chini, na siku hiyo hunywi tena kahawa. Kwa walevi wa kahawa kama sisi hicho si kiapo cha mchezo.

Jioni hiyo Dobi alikuja kabla ya wakati wake, mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni ya kazini kwake mtaa wa pili, akasimama mbele yetu wala hakukaa.

Dobi: Jamani, nimekuja kushukuru. Sheria naijua, lakini leo naomba tuivunje. Nani ameniwekea samaki?

Redio: Samaki wa kukaanga?

Dobi: Samaki wa tangi. Wale wa dhahabu, wa marehemu mama watoto.

Hapo hata Redio aliweka kikombe chini. Sote tunalijua lile tangi la kioo. Mke wa Dobi alilipenda kuliko kabati la vyombo. Alipofariki, binti yao mdogo alifunga mdomo. Shuleni haongei, nyumbani haongei, kwa Shangazi anakoshinda akitoka shule ananyoosha kidole tu. Akiwa mbele ya tangi, hata hivyo, anainamia kioo na kuwanong'oneza samaki. Dobi alituambia mwenyewe, akifuta macho kwa mkono wa shati, kwamba husimama nyuma ya pazia ili tu asikie sauti ya mwanawe.

Shangazi: Kaa chini, mwanangu, utueleze vizuri. Samaki wamefanyaje?

Dobi: Nimewaua, Shangazi.

Akakaa. Nikammiminia kahawa, akaishika bila kuinywa.

Dobi: Jana niliona kioo kimeota ukungu wa kijani, na changarawe kule chini zimekuwa nyeusi. Nikajisemea, mimi natakatisha shuka za watu, halafu mwanangu anaangalia uchafu? Nikawatia samaki kwenye sufuria, nikamwaga maji yote, nikasugua tangi kwa sabuni na dawa ya madoa. Changarawe nazo nikazichemsha. Likang'aa! Nikajaza maji ya bomba, nikawarudisha.

Fundi Bomba: Maji yametoka bombani papo hapo?

Dobi: Papo hapo.

Fundi Bomba: Uuu! Yale maji yana dawa, bwana wee. Wewe ukiyanywa yanakuulia vijidudu tumboni, lakini samaki anayapumua.

Dobi: Sasa ndiyo nakumbuka kwamba mama yake alikuwa anayaacha kwenye ndoo yalale kwanza. Nilikuwa namcheka. Halafu hakuwa anayamwaga yote, alitoa kidogo tu akaongeza kidogo. Na sabuni hakuitia hata siku moja. Nikimwambia tangi lako chafu, ananijibu, "Huo uchafu ndio nyumba yao." Basi alfajiri nikawakuta wanaelea, wote wawili.

Redio: Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa.

Shangazi: Redio, hiyo ni ya vyombo vya baharini!

Redio: Na samaki anakaa wapi, milimani?

Dobi: Nikawafunga kwenye gazeti kabla mtoto hajaamka, nikaja kuwatupa kwenye pipa lako, Kinyozi, huko nyuma. Nikamwaga maji, tangi likabaki tupu, nikalifunika kwa taulo. Mtoto nikamwambia samaki wamelala. Akaweka kiganja juu ya lile taulo, akaniangalia. Ah! Nikampeleka shule nikiwa kama mwizi.

Mimi: Hao samaki hata mimi niliwaona.

Wakanigeukia. Kwa kweli nilikuwa nimepanga nisiseme, maana Dobi ni rafiki yangu na habari yenyewe haikuwa nzuri.

Mimi: Nilipokwenda kumwaga nywele, nilimkuta paka amepasua gazeti. Mmoja alishamla. Wa pili alikuwa naye mdomoni, mkia wa samaki huyo una pengo.

Dobi: Pengo kama la mkasi?

Mimi: Kama la mkasi.

Dobi: Alinaswa zamani na kile kimashine cha kupulizia hewa, mkia ukakatika. Ni huyohuyo. Sasa nisikilizeni. Mchana nikapita nyumbani kuchukua pasi. Nikafungua mlango kwa ufunguo wangu, na ufunguo ni huu mmoja, mwingine hakuna. Nikaona taulo limekunjwa vizuri, limewekwa juu ya kiti. Tangi limejaa maji. Samaki wawili wanaogelea. Na mmoja mkia wake una pengo.

 Redio ndiye aliyedakia, kama kawaida.

Redio: Basi mmoja wetu kafanya wema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kunywa kahawa yako.

Dobi: Ndicho ninachokiomba! Maana niliogopa, nikamwita yule dada anayeuza samaki wa mapambo kule sokoni. Anakuja sasa hivi hapa kulichukua tangi na kila kilichomo. Kama aliyeingia kwangu ni mmoja wenu, namrudisha dada wa watu, tangi linabaki, na mwanangu anabaki na wa kuongea naye. Kama si mmoja wenu, linaondoka leo. Siwezi kumlaza mtoto kwenye nyumba inayoingiliwa na nisiyemjua. Na likiondoka, huyu mtoto hataongea tena. Kwa hiyo nawaomba, msinifiche.

Tukatazamana. Nilikuwa na hakika ni Fundi Bomba, kwa kuwa nani mwingine anaweza kufungua mlango wa mtu bila ufunguo? Yeye alikuwa ananiangalia mimi. Redio alimwangalia Shangazi, Shangazi akakunja midomo kama mwenye siri, na hapo wote tukatabasamu kidogo. Tulipenda iwe hivyo.

Shangazi: Mimi ningependa nijitaje, mwanangu. Lakini ningeanzia wapi? Samaki hai sijawahi kuwashika.

Akafudikiza kikombe. Kikatoa mlio mdogo juu ya ubao.

Fundi Bomba: Ngoja kwanza. Umesema tangi lilijaa maji mchana?

Dobi: Mpaka pale juu.

Fundi Bomba: Haiwezekani. Asubuhi nimefunga maji ya mtaa mzima, kuna bomba limepasuka kule kona. Koki kuu nimeifunga mimi mwenyewe na bado sijaifungua. Muulize Kinyozi, leo kanyoa watu kwa maji ya chupa.

Ni kweli, tangu asubuhi sikuwa na tone.

Dobi: Na ndoo zangu zilikuwa tupu. Niliona.

Fundi Bomba: Basi yale maji hayakutoka kwenye bomba lolote ninalolijua mimi.

Naye akafudikiza chake. 

Redio: Tusitishane. Sayansi ipo. Samaki wa dhahabu hafi, anazimia. Ukimrudisha kwenye baridi anaamka. Na maji yanapanda yenyewe kutoka chini ya ardhi. Ardhini huko chini ya mtaa huu kuna mto, nimesoma. Samaki wamezimia, wamemtoroka paka, wakaingia mtaroni, mto ukawapandisha mpaka nyumbani.

Shangazi: Wakakunja na taulo.

Redio: Samaki mkunje angali mbichi.

Shangazi: Mtume! Huyu mtu methali zote anazijua, mahali pake hapajui.

Fundi Bomba: Labda ni mayai. Yalibaki kwenye changarawe, yakaanguliwa.

Dobi: Changarawe nilizichemsha, Fundi. Na waanguliwe asubuhi, mchana wawe saizi ya kiganja?

Mimi nami nikatia langu, na natamani nisingelitia.

Mimi: Kazi yangu ni mbele ya vioo. Nawaambieni kioo si kitu cha kuaminiwa. Kitu kikikaa sana mbele yake, kioo kinakizoea. Kuna mzee alikuwa mteja wangu tangu nifungue hapa, akafariki. Mpaka leo, nikiwa nanyoa mtu mwingine, nainua macho kwenye kioo namwona amekaa kwenye kiti cha kusubiria, anangoja zamu yake. Nikigeuka, kiti kitupu. Sijawahi kuwaambia kwa kuwa mngehama kunyolewa kwangu. Labda ulichokiona ni tangi linakumbuka samaki wake.

 Redio alisogea kidogo ili asikae mbele ya mlango wangu.

Dobi: Picha hailowi, Kinyozi. Nilitia mkono. Maji yalikuwa ya baridi, na yule wa mkia akanigusa kidole.

Mimi: Akakugusa?

Dobi: Akanigusa, halafu akakimbia. Wote wawili wakakimbia, wakaenda kujibana kwenye kona ya kulia, ile ya karibu na dirisha la jikoni. Wakapanda juu, midomo wazi, wanakula hewa, wanasukumana. Unajua samaki akiona mkono wenye chakula anavyofanya? Ndivyo hivyo. Na pale kwenye ile kona hapakuwa na mtu.

Shangazi: Kona hiyo ndipo marehemu alipokuwa anasimama.

Dobi: Ndipo hapo. Anagonga kioo kwa pete, wanakuja. Anatia chakula kidogo tu, anachokamata kwa vidole viwili. Mimi nikitaka kuongeza ananizuia, anasema samaki hafi kwa njaa upesi, anakufa kwa mapenzi ya wajinga.

Aliinamisha kichwa. Mimi nilitaka kumshika bega nikaona aibu. Sisi wanaume wa benchi tunajua kuchekana, kushikana mabega hatujui.

Redio: Basi habari imekwisha. Ni mwenyewe. Umevuruga nyumba yake, amekuja kuipanga. Maji ukiyavulia nguo...

Dobi: Usimtaje!

Alisimama, kahawa ikamwagika kwenye suruali yake.

Dobi: Usimtaje mke wangu kwa mdomo huo wa kupayuka! Kama angeweza kurudi, angerudi kwa samaki? Mimi niko pale nimelala sakafuni, asije kwangu, aje kwa samaki?

 Sijawahi kuona uso wa Redio ukiwa mdogo namna ile. Taratibu akanyanyua kikombe chake, akakimalizia, akakifudikiza.

Redio: Nisamehe, ndugu yangu. Si mimi. Nilikuwa natania kwa sababu naogopa.

Nikabaki mimi. Wote wakanitazama, Dobi kuliko wote, na macho yake yalikuwa yananibembeleza niseme uongo. Nikawaza, kwani ningepungukiwa na nini? Neno moja tu, "ni mimi," na mtoto angebaki na samaki wake. Lakini ningekuwa nimemwambia baba alale kwa amani kwenye nyumba ambayo mlango wake umefunguliwa na sijui nani. Nikafudikiza kikombe.

Dobi: Basi linaondoka.

Ndipo yule dada wa samaki akatokea, ana ndoo yenye mfuniko mkono mmoja na wavu mdogo mkono wa pili, anatembea upesi kama mtu ambaye ana safari nyingine mbele.

Muuza samaki: Shikamoo mama. Hamjambo kaka zangu. Hapa ndipo kwa Dobi?

Shangazi: Marahaba, mwanangu. Ndiye huyu. Umewahi kumuuzia mmoja wetu samaki wa dhahabu? Tutazame vizuri.

Akatupitisha macho mmoja mmoja.

Muuza samaki: Hapana. Wiki hii sijauza hata mmoja. Nilionao ni weusi.

Dobi akamsimulia kwa kifupi: sabuni, pipa, paka, tangi tupu, tangi lililojaa, ile kona. Dada alisikiliza huku amekumbatia ndoo. Hakushangaa kama tulivyotaka ashangae, na hilo likaniudhi kidogo. Alikunja uso tu.

Muuza samaki: Samaki mgeni ukimtia kwenye tangi hujificha. Atajibana chini, hata chakula hali. Anayekuja juu mdomo wazi ni yule anayemwona mtu anayemjua.

Dobi: Nimekwambia hapakuwa na mtu.

Muuza samaki: Nimekusikia, kaka.

Redio: Dada, kwa uzoefu wako, samaki wanaweza kuona vitu ambavyo sisi hatuvioni?

Fundi Bomba: Na yale maji? Yatakuwa yametoka wapi?

Mimi: Na mkia je? Ule ulioliwa na paka umerudije?

Tulikuwa tunasema wote kwa pamoja, kila mmoja anavuta swali lake. Dada akangoja tumalize. Akatazama huku na huku kwenye benchi, kisha nyuma yetu, hata ndani ya kibanda changu alichungulia.

Muuza samaki: Na huyo mtoto, sasa hivi yuko na nani?

Dobi akamgeukia Shangazi. Shangazi akamgeukia Dobi, uso wake umetulia, kama mtu anayengoja mwenzake ajibu.

Dobi: Si umemwacha kwako, na yule binti anayejifunza kushona?

Shangazi: Binti gani, huyo leo hakuja. Mtoto nimemleta kwako.

Dobi: Kwangu? Lini?

Shangazi: Kabla sijaja hapa. Mlango ulikuwa wazi, nikajua umerudi. Si ulikuwemo ndani? Nilisikia maji yanamiminwa.

Dobi: Shangazi, nimetoka kazini moja kwa moja mpaka hapa. Mlango nimeufunga mchana. Ufunguo huu hapa.

Aliunyoosha mkono, ufunguo uko kiganjani. Shangazi aliutazama, lakini sidhani kama aliuona. Aliendelea kusema, polepole, kama anamsimulia mtu mwingine.

Shangazi: Mtoto alichomoka mkononi mwangu, akaingia mbio. Nami nikasimama pale nje. Dobi, mwanao alikuwa anaongea. Siyo kunong'ona, anaongea! Anasimulia ya shule, anaulizwa, anajibu, tena anacheka. Tangu mama yake azikwe sijamsikia anacheka. Machozi yalinitoka. Nikasema niwaache mtu na mwanawe, nisiwaharibie. Nikauvuta mlango taratibu, nikaja zangu.

Fundi Bomba: Anaulizwa kwa sauti gani?

Shangazi: Ya chini. Sikuisikiliza. Nilijua ni baba yake.

 Dobi aliruka benchi, kandambili moja ikabaki, akaenda. Ndoo ya dada ikaanguka, Fundi Bomba akamfuata, na mimi nyuma yake nikiwa bado na taulo la kunyolea shingoni.

Shangazi alikuwa amesimama palepale, mikono mbele, kama bado ameshika kitu kidogo.

"Jamani," akasema, "basi mimi yule mtoto nimemkabidhi nani?"

Sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kukimbia.